Kabla ya mkasi na baada yake

Hospitali inayomkata mtoto utepe wa ulimi bila kwanza kumtazama akinyonya, kisha ikamruhusu mama aondoke bila tarehe ya kurudi, imefanya nusu ya kazi. Tunasema hivyo kuhusu hospitali zote, za umma, za misheni na za watu binafsi, kutoka Ogembo hadi Nyansiongo. Mkasi hauchukui hata dakika moja. Kazi ya kabla na ya baada ndiyo inayoamua iwapo mtoto atanyonya na kuongeza uzito, na iwapo akikua atatamka maneno yake sawasawa. Tunataka serikali za kaunti za Kisii na Nyamira ziiwekee kazi hiyo watu, muda na pesa.

Kila mtu ana utepe chini ya ulimi. Simama mbele ya kioo, inua ulimi, utauona: ukunjo mwembamba unaoushikilia ulimi kwenye sakafu ya mdomo. Kwa watoto wengine ukunjo huo ni mfupi au mnene, au umejishikiza karibu sana na ncha. Mtoto akilia, ulimi haupandi; akijaribu kuutoa, ncha hujikunja katikati ikafanana na kopa. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2021, ambao ulijumlisha tafiti nyingi za awali, ulikadiria kwamba watoto wapatao 8 katika kila 100 walio chini ya mwaka mmoja wana hali hii, na wavulana huwa nayo zaidi kuliko wasichana. Wengi wao hunyonya, hula na husema bila tatizo lolote. Hao hawahitaji mkasi, hata kama shangazi ameinua ulimi wao na kushtuka.

Wapo wanaoteseka, na mama zao pamoja nao. Chukua mama aliyejifungua Keroka au Ekerenyo, akarudi nyumbani siku ya pili. Siku ya tatu maziwa yameingia, matiti yamejaa, lakini mtoto ananyonya saa nzima na bado analia. Chuchu zimepasuka. Kila anapoliweka titi mdomoni mwa mtoto, mama anauma meno. Watu wa nyumbani wanamwambia avumilie, kwani ndivyo kunyonyesha kulivyo. Siku ya tano magokoro, yaani nyanya wa mtoto, kwa huruma tupu, anapika uji mwepesi wa wimbi au anachanganya maziwa ya ng'ombe na maji. Mtoto analala, na boma zima linashusha pumzi. Tangu siku hiyo titi linanyonywa mara chache, maziwa yanapungua kwa sababu hayanyonywi, na tumbo la wiki moja limeanza kupokea vitu ambavyo haliko tayari kuvipokea. Kinachofuata wauguzi wa wadi za watoto wanakijua vizuri: kuhara, kukonda, kulazwa.

Hatumlaumu magokoro. Alisikia mtoto akilia kwa njaa akafanya alilolijua. Aliyepaswa kuwa hapo kabla yake ni mhudumu wa afya.

Wizara ya Afya inashauri mtoto apewe maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ya kwanza. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 60 ya watoto wa umri huo nchini Kenya ndio hulishwa hivyo, kiwango ambacho hakijasonga mbele tangu utafiti wa 2014. Tuna sheria ya mwaka 2012 inayozuia matangazo ya maziwa ya kopo. Ni sheria nzuri, lakini haimfundishi mama namna ya kumpakata mtoto asiyeweza kushika titi. Na tuseme wazi jambo ambalo kina mama wengi hawajawahi kuambiwa na yeyote: maumivu ya chuchu yasiyoisha baada ya siku chache za kwanza ni dalili. Yana sababu, na sababu hiyo hutafutwa.

Mkasi una kazi yake. Mwaka 2017 shirika la Cochrane, linalopima ushahidi wa tiba duniani, lilikusanya majaribio matano yaliyohusisha watoto 302. Lilikuta kwamba kukata utepe kulipunguza maumivu ya chuchu za mama kwa muda mfupi. Kuhusu mtoto mwenyewe kunyonya vizuri zaidi, matokeo hayakulingana, na majaribio yalikuwa madogo. Hakuna mtoto aliyepata madhara makubwa. Kwa hiyo yeyote anayemwambia mama kwamba kukata hakusaidii kamwe anakosea, na anayemwambia kwamba kukata kutamaliza kila kitu anamuuzia tumaini.

Nchi tajiri zimeshaona kinachotokea mkasi ukitangulia. Marekani, idadi ya watoto waliosemekana kuwa na ulimi uliofungwa iliongezeka zaidi ya mara nane kati ya 1997 na 2012. Ndimi za watoto hazikubadilika katika miaka hiyo 15. Kilichobadilika ni jicho la anayetafuta na mfuko wa anayekata. Kisha mwaka 2019 madaktari wa Boston wakachapisha habari za watoto wachanga 115 walioletwa kwao ili wakatwe kwa sababu ya shida ya kunyonya. Kabla ya lolote, kila mtoto alipitia kwa mtaalamu wa tiba ya usemi aliyebobea katika ulaji wa watoto. Alitazamwa akinyonya, na mama akasaidiwa palepale. Asilimia 63 hivi ya watoto hao hawakukatwa. Huko Canterbury, New Zealand, wahudumu walipokubaliana kutumia kipimo kimoja na kumsaidia mama kwanza, kiwango cha watoto wanaokatwa kilishuka kutoka asilimia 11 hivi mwaka 2015 hadi 3.5 mwaka 2017, na wanaonyonya hawakupungua.

Hizo ni nchi zenye wataalamu kila kona. Somo lao kwetu halihitaji mashine wala jengo. Linahitaji kiti.

Kumtazama mtoto akinyonya maana yake ni muuguzi kuvuta kiti, kuketi, na kukaa hapo tangu mtoto anaposhika titi hadi anapoliachia. Kupita na faili mkononi na kuuliza "ananyonya?" si kutazama. Mama atajibu "ndiyo", kwa sababu mtoto ana titi mdomoni, naye hajui kwamba kushika titi na kunyonya ni mambo mawili. Muuguzi aliyeketi ataona mengi. Je, mtoto amepakatwa tumbo kwa tumbo na mama, au shingo imegeuzwa kando? Je, mdomo ulifunguka wazi kabla ya kushika, au ameshika chuchu peke yake? Kidevu kimegusa titi? Mdomo wa chini umegeukia nje? Mashavu yamejaa, au yanabonyea kila anapovuta? Mtoto anasikika akimeza, au ni mlio wa ulimi unaoteleza tu? Na chuchu inapotoka, ina umbo lake la kawaida, au imebanwa ikawa bapa na kupauka?

Baada ya hapo ndipo kidole safi kinaingia mdomoni kuona ulimi unapanda hadi wapi na unatoka hadi wapi. Ndipo mtoto anapowekwa kwenye mizani. Mtoto mchanga hupungua uzito siku za mwanzo, na akipungua zaidi ya asilimia 10 hivi ya uzito wa kuzaliwa inabidi atazamwe kwa karibu. Kwa kawaida, kufikia wiki mbili amerudia uzito wake. Nepi nazo husema: kuanzia siku ya tano tunatarajia angalau sita zilizolowa kwa siku.

Mara nyingi sana kosa huwa si la ulimi. Mama aliyevuja damu nyingi akijifungua huchelewa kupata maziwa. Mtoto mwenye manjano husinzia titi likiwa mdomoni. Aliyezaliwa kabla ya wakati hachelewi kuchoka. Titi lililojaa likawa gumu halishikiki hata na mtoto mwenye ulimi mzuri, na dawa yake ni kukamua kidogo kabla ya kumnyonyesha. Wapo pia wenye ufa katika kaakaa ambao haukuonekana siku ya kuzaliwa, na hao wakikatwa utepe wamekatwa bure, huku tatizo lenyewe likiachwa palepale. Mama akibadilishwa mkao na mtoto akafundishwa kufungua mdomo, wengine hunyonya vizuri siku hiyohiyo.

Ikiwa baada ya hayo yote ulimi bado haupandi na mama bado anaumia, akatwe, na afanye hivyo aliyefunzwa. Mtoto anafungwa kwa shuka, ulimi unainuliwa, utepe unakatwa kwa mkasi usio na ncha kali, matone machache ya damu yanatoka, na mtoto anawekwa titini papo hapo. Kabla ya hapo kuna maswali mawili ambayo hayana ruhusa ya kusahauliwa. Mtoto alidungwa sindano ya vitamini K alipozaliwa? Katika ukoo kuna mtu anayevuja damu bila kukoma? Aliyezaliwa nyumbani huenda hakuipata sindano hiyo, na kwake matone machache yanaweza kuwa mengi. Chini ya ulimi mna mishipa ya damu na mifereji ya mate. Uchunguzi wa anatomia uliochapishwa mwaka 2019 na Nikki Mills na wenzake wa New Zealand ulionyesha kwamba utepe wenyewe si kamba iliyosimama pekee. Ni ukunjo wa utando unaotanda sakafu nzima ya mdomo. Huo si mwili wa kukatwa na kila mwenye wembe. Na anayeambiwa asafiri hadi Nairobi kwa sababu huko wanakata kwa leza, ajue kwamba madaktari wa watoto wa Marekani, katika mwongozo wao wa mwaka 2024, hawakupata ushahidi kwamba leza inashinda mkasi.

Sisi wa Gusii, yaani Kisii na Nyamira, tuna sababu zetu wenyewe za kulisema hili kwa ukali. Hatuogopi upasuaji. Ababari, waganga wetu wa jadi, walifungua fuvu la mtu aliyeumia kichwa, na madaktari wa kigeni wakaandika juu yao katika majarida ya tiba miaka ya 1950 na 1960. Lakini pia tunajua jinsi kisu kinavyoweza kugeuka riziki ndani ya chumba chenye kitanda cheupe. Sheria ya mwaka 2011 inapiga marufuku ukeketaji hata ukifanywa na mhudumu wa afya, na bado jina la Gusii limetajwa kote nchini kwa sababu ya wasichana waliokeketwa na watu waliosomea kuokoa maisha. Kwingineko Afrika Mashariki watoto wachanga wamekatwa kimio kwa sababu ya kikohozi, na wameng'olewa meno yasiyoota bado kwa sababu ya kuhara. Kukata utepe wa ulimi hakufanani na hayo. Ni tiba halali, na kwa mtoto anayeihitaji ni tiba njema. Tunachotaka ni kwamba huku kwetu koti jeupe lisitoshe kuwa sababu. Anayetaka kukata aeleze aliona nini, alijaribu nini kwanza, na atamwona mtoto tena lini.

Hilo la tena ndilo linalosahauliwa zaidi. Mtoto aliyenyonya kwa shida wiki tatu amejifunza kunyonya kwa fizi na midomo. Utepe ukikatwa leo, mazoea hayo hayakatiki leo. Ulimi umepata nafasi, lakini haujui kuitumia. Wengine hubadilika katika mlo wa kwanza, wengine huchukua siku kadhaa, na siku hizo ndizo mama hukata tamaa akisema "hata kukatwa hakujasaidia". Naye ana lake: kama titi lilinyonywa vibaya kwa wiki tatu, maziwa yamepungua, na yatarudi tu kwa kunyonyesha mara nyingi, mchana na usiku, na kwa kukamua baada ya mtoto kushiba. Maziwa aliyoyakamua ampe kwa kikombe kidogo kisafi, asimpe kwa chupa. Mtu wa kumwambia hayo, na kumwonyesha, anatakiwa amwone ndani ya wiki moja.

Tena jeraha lenyewe huzua hofu. Chini ya ulimi hutokea alama nyeupe au ya manjano inayokaa wiki moja au mbili. Huo si usaha. Ndivyo jeraha la mdomoni linavyopona. Asisuguliwe kwa chumvi, asipakwe dawa ya miti shamba, asipakwe asali. Asali ni hatari kwa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja. Damu isiyokoma, homa, au mtoto kukataa titi kabisa, hizo ndizo dalili za kurudi hospitalini mara moja. Kuna wanaowaambia wazazi wainue ulimi wa mtoto kwa vidole na kulinyoosha jeraha mara kadhaa kwa siku ili utepe usirudi. Mwongozo wa 2024 tulioutaja haukubaliani nao: ushahidi haupo, na mtoto anayeumizwa mdomoni kila siku anaweza kuanza kukataa chochote kinachokaribia mdomo wake. Kwa mchanga, zoezi la ulimi ni titi lenyewe.

Tugeukie wakubwa kidogo, maana hapa ndipo makosa mengi hufanyika kwa nia njema. Mtoto wa miaka minne hasemi vizuri; mwalimu au jirani anasema ulimi wake umefungwa; mzazi anakopa nauli. Tusikilizane hapa. Utepe mfupi hauzuii mtoto kuanza kusema. Mtoto wa miaka miwili asiye na neno hata moja ana sababu nyingine, na ya kwanza kutafutwa ni masikio. Masikio yanayotoka usaha kila mara, au yasiyosikia tangu kuzaliwa, hayaponi kwa kukatwa ulimi, na kila mwezi unaopotea kwa kumsingizia utepe ni mwezi ambao mtoto huyo hajasikia lugha. Kigugumizi nacho hakitoki hapo. Kinachoweza kuguswa na utepe mfupi ni sauti chache zinazotaka ncha ya ulimi ipande: t, d, n, l, r, s na jamaa zao. Hata hizo, watoto wengi huzipata bila kukatwa, kwa kuwa ulimi ni hodari wa kutafuta njia.

Na sisi tuna jambo letu. Lugha yetu, Ekegusii, haitofautishi l na r. Mtoto wa Nyamache au wa Magombo anayesema "nataka kurara" hana kithembe wala utepe mfupi. Anasema Kiswahili kwa ulimi wa mama yake, kama tulivyofanya sote, na shule itamzoesha. Zaidi ya hayo, hiyo r yake ni ushahidi wa upande wa pili: ili itoke, ncha ya ulimi lazima ipande iguse nyuma ya meno ya juu. Mtoto anayemwita baba yake "tata" kwa sauti safi, kisha akasema "kurara", ameshaonyesha kwamba ulimi wake unafika unakotakiwa kufika. Mtaalamu kutoka mbali asiyejua Ekegusii, akiwa na orodha ya maneno ya Kiingereza mkononi, anaweza kumwandikia mtoto huyo kasoro isiyokuwepo. Kwa hiyo tunataka kila mtoto wa Gusii apimwe kwanza kwa lugha ya nyumbani kwao, na kama mpimaji haijui, mama akae chumbani awe mkalimani.

Yupo mtoto ambaye masikio yake yako sawa, akili yake iko sawa, amepimwa kwa lugha yake, na bado ulimi haupandi kabisa. Anashindwa kulamba mdomo wa juu, hawezi kuondoa chakula kilichonasa kwenye meno ya nyuma, na t yake ni ya kubahatisha. Huyo akatwe, na kwa umri wake pengine itabidi alazwe, apewe dawa ya usingizi na kushonwa. Mzazi wake aambiwe mapema, kabla ya kutia sahihi, kwamba safari ndiyo inaanza. Miaka kadhaa ya kutamka kwa njia ya mkato haifutwi na nyuzi tatu. Mtaalamu wa usemi atamrudisha mwanzo: kwanza kulamba kitu kitamu kwenye mdomo wa juu, kisha kugusa ufizi wa juu na ncha ya ulimi, kisha sauti peke yake, kisha ta, te, ti, to, tu, kisha neno, kisha sentensi, mwishowe hadithi nzima inayosimuliwa haraka bila kufikiria ulimi. Ni dakika chache kila siku, nyumbani, kwa wiki nyingi. Yeyote anayelala chumba kimoja na mtoto huyo anaweza kusaidia: dada, mjomba, magokoro mwenye hadithi zake. Bila hayo mzazi amelipia kovu.

Shida ni kwamba mtaalamu huyo ni adimu. Kenya ina wataalamu wachache sana wa tiba ya usemi, na wengi wako Nairobi. Kwa Afrika Mashariki, Chuo Kikuu cha Makerere kilianza kufundisha shahada ya fani hii mwaka 2008, tukio la juzi tu ukilinganisha na uuguzi au tiba ya viungo. Wengi wanadhani kazi yake ni maneno tu. Kunyonya, kutafuna na kumeza ni kazi yake vilevile, na ndiyo maana anahitajika wadi ya uzazi kama anavyohitajika shuleni. Upande wa elimu, serikali imekuwa na vituo vya kupima watoto wenye mahitaji maalumu tangu 1984. Vituo hivyo humpokea mtoto hasa anapokaribia umri wa shule. Wa siku tano, aliye titini, hana kituo. Ana wadi aliyozaliwa, kliniki ya chanjo, na mhamasishaji wa afya ya jamii anayepita kijijini.

Tutaambiwa kwamba kaunti zetu hazina dawa za kutosha, wauguzi wanadai mishahara, na gazeti linazungumzia utepe chini ya ulimi. Jibu letu ni kwamba tunachoomba kwa wachanga hakinunuliwi dukani. Muuguzi anayejua kutazama mtoto akinyonya humsaidia kila mama katika wadi, akiwemo mwenye pacha, mwenye mtoto aliyezaliwa na kilo mbili, na yule anayerudi kuchuma majani chai Kebirigo au kuuza ndizi Daraja Mbili kabla mtoto hajafikisha miezi mitatu kwa sababu hana mwajiri wa kumpa likizo. Ujuzi mmoja, wanufaika wote. Na kila mtoto ambaye hakulazwa kwa kuhara ni kitanda kilichobaki wazi.

Afya imekuwa mikononi mwa kaunti tangu 2013. Kisii na Nyamira, kwa sensa ya 2019, zina watu zaidi ya milioni 1.8. Tunataka Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii na Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Nyamira kila moja iwe na angalau mtaalamu mmoja wa tiba ya usemi aliyeajiriwa na kaunti, mwenye chumba, na mwenye siku ya kwenda wadi ya uzazi. Kama yupo, kaunti itangaze jina la kliniki yake na siku zake, maana huduma isiyojulikana na mama wa Marani ni sawa na isiyokuwepo. Chuo cha mafunzo ya tiba cha KMTC kina kampasi Kisii na pia Nyamira. Wanafunzi wa uuguzi na wa utabibu wasihitimu bila kukaa kwenye kiti tulichokisema, wakamtazama mtoto akinyonya tangu mwanzo hadi mwisho, mara nyingi, mbele ya mkufunzi.

Wahamasishaji wa afya ya jamii, ambao serikali iliwapa mikoba na simu mwaka 2023, wafundishwe mambo machache kuhusu mtoto wa wiki ya kwanza: chuchu zilizopasuka, nepi kavu, kunyonya kusikoisha. Wakiona mojawapo wampeleke mama kituoni kabla uji haujaiva. Kila hospitali inayokata iwe na daftari: nani alimtazama mtoto kabla, vitamini K ilitolewa lini, mtoto alirudi siku gani, na je, kwenye chanjo ya wiki ya sita alikuwa bado ananyonya? Mganga mkuu wa kaunti akilifungua daftari hilo mara moja kila baada ya miezi mitatu atajua mkasi unatumika vizuri au unatumika ovyo. Bei ibandikwe ukutani kwa shilingi, na iandikwe waziwazi kama bima ya afya ya umma, SHA, inalipa au hailipi, ili mzazi asiambiwe kiasi kimoja mlangoni na kingine ndani.

Makadirio ya bajeti hufikishwa katika mabunge ya kaunti kufikia Aprili 30, na wananchi wana haki ya kusema kabla hayajapitishwa. Wakati huo tutayafungua ya Kisii na ya Nyamira kwenye ukurasa wa afya, na kutafuta mstari wenye maneno haya: mtaalamu wa tiba ya usemi. Tutachapisha tutakachokikuta, pamoja na majina ya madiwani wanaokaa katika kamati ya afya ya kila kaunti.